Vipima unyevu viwili, gunia moja, namba mbili: niamini kipi?

Swali: "Shikamoo mtaalamu. Mimi ni mkulima mdogo wa Kibaigwa, wilayani Kongwa. Mwaka huu nimevuna mahindi gunia kumi na mbili na karanga gunia nne, nataka nizitunze nyumbani mpaka Februari bei ikae vizuri. Nilielezwa kwamba ukiweka kipima unyevu ndani ya nafaka utajua kama imekauka. Nikanunua viwili vya kidijitali Dodoma mjini, vya bei ya chini. Nimeviweka pamoja kwenye gunia moja la karanga: kimoja kinasoma 58, kingine 69. Muuzaji anasema vyote ni vizima. Programu ya hali ya hewa kwenye simu yangu inasema 41. Niamini kipi, na nitajuaje?"

Marahaba, mwanangu. Kabla ya yote nakuomba usizifunge hizo karanga. Acha midomo ya magunia wazi, mchana uzirudishe juani kwenye turubai, jioni uzikusanye kabla umande haujashuka. Endelea hivyo mpaka tumalize kazi nitakayokueleza hapa. Ni ya siku nne tu, na gharama yake ni kijiko cha chumvi.

Nakuharakisha kwa sababu namba zako mbili zimeangukia pande mbili za mpaka wenyewe. Hewa iliyomo katikati ya punje ikiwa na unyevu chini ya asilimia 65, ukungu haupati maji ya kuishi. Ikivuka hapo na kuelekea 70, huanza wale kuvu wanaovumilia ukavu. Hao wakishaanza wanapumua, wanatoa joto na maji, na gunia linajilowesha lenyewe kutoka ndani ilhali nje hakuna hata wingu. Kuvu anayetoa ile sumu iitwayo sumukuvu, Aspergillus flavus, anahitaji maji mengi kuliko hao, asilimia 80 na zaidi, lakini gunia lililokwisha kushika joto linaweza kufika huko bila kupigwa na mvua. Kwa hiyo 58 ingemaanisha funga magunia ukalale, na 69 ingemaanisha anika tena. Ukichukua wastani wa hizo mbili utakuwa unabahatisha tu.

Sisi wa kanda hii hatuna ruhusa ya kubahatisha. Mwaka 2016, katika mikoa ya Dodoma na Manyara, watu 68 waliugua kwa sumukuvu na 20 kati yao walifariki. Walikula chakula chao cha kila siku. Sumu hiyo haina rangi wala harufu, na moto wa jikoni hauiondoi. Ugali ulioiva vizuri bado unakuwa nayo. Kiwango cha juu kinachokubalika Afrika Mashariki kwa mahindi na karanga ni sehemu 10 kwa kila sehemu bilioni moja. Kwa jicho huwezi kukiona. Unachoweza kufanya ukiwa nyumbani ni kuwanyima kuvu maji, na maji hayo ndiyo tunayoyapima.

Sasa nianze na simu. Ile 41 iache kabisa, haihusiani na karanga zako. Ni makadirio ya hewa ya nje, na hewa ya nje Dodoma hubadilika sana ndani ya siku moja: alfajiri ina ubaridi na unyevu, saa nane mchana imekauka mpaka midomo inapasuka. Punje zilizomo ndani ya gunia zina hewa yao wenyewe.

Muuzaji naye hakukudanganya. Vipima vya bei hiyo mara nyingi huandikwa kwenye karatasi yake kwamba vinaweza kukosea asilimia 5 juu au chini. Kama unyevu halisi wa gunia lako ni 63 au 64, kimoja kusoma 58 na kingine 69 ni karibu kabisa na ahadi ya kiwanda. Vizima vyote, na vyote vinapotoka. Ndani ya kila kimoja kuna kitambuzi kidogo, utando mwembamba wa aina ya plastiki unaovuta na kuachia unyevu, na umeme unaopita hapo hubadilika kwa kadiri utando ulivyolowa. Vumbi, moshi wa jiko na mvuke wa viuatilifu huuharibu taratibu. Vile vya mshale hutumia koili nyembamba, na kwa uzoefu wangu hivyo ndivyo vibaya zaidi.

Nimeumizwa na kimoja cha namna hiyo. Miaka kadhaa nyuma nilikisimamia kikundi cha wakulima upande wa Mpwapwa waliokuwa na ghala dogo la karanga. Kipima cha mshale kilining'inizwa ukutani, na kuanzia Desemba kila nikipita kilionyesha 60. Niliwapongeza. Mwezi Machi tulipofungua magunia ya safu ya chini, mkono ukiingia ndani ulipokelewa na joto, na punje zilikuwa zimeshikana. Nilikichukua kile kipima nikakifungia na chumvi siku nzima. Kikabaki pale pale, 60. Mshale ulikuwa umekwama, nasi tukakiamini kifuku kizima. Karanga zile zilichomwa moto, na nyuso za kina mama wale sijazisahau. Tangu hapo hakuna kipima kinachoingia kwenye nafaka mkononi mwangu kabla hakijapita kwenye chumvi.

Chumvi inafanya hivi. Ukichukua chumvi ya kawaida ya mezani ukailowesha kidogo, kiasi kwamba punje nyingi zinabaki bila kuyeyuka, kisha ukaifungia ndani ya chombo kisichopitisha hewa, hewa ya humo hutulia kwenye asilimia 75. Hewa ikiwa kavu kuliko hapo, maji ya kwenye chumvi huvukia mpaka ifike. Ikiwa na maji mengi zaidi, chumvi huyavuta mpaka ishuke. Uzuri wake ni kwamba joto haliisumbui sana: kwenye nyuzi 20 ni 75.5, kwenye nyuzi 30 ni 75.1. Wala mwinuko wa Dodoma, mita elfu moja na zaidi juu ya usawa wa bahari, hauna athari ya kukusumbua hapa. Kwa hiyo unapata mahali ambapo jibu unalijua kabla ya kumuuliza mjibu.

Mbinu hii wanaitumia hata watu wa mambo mengine. Wanaotunza nyumbani zile sigara nene za Kuba, ambazo zikikauka hupasuka na zikilowa huota ukungu, huvipima vipima vyao kwa chumvi hii hii, kwa kuwa wao wanataka sanduku likae karibu na 70. Sisi tunataka chini ya 65. Wote tuko jirani na 75, ndiyo maana chumvi inatufaa.

Tafuta kopo angavu lenye mfuniko wa kuzungusha unaobana, kama yale yanayouzwa na asali au siagi ya karanga. Lioshe, likauke kabisa. Liwe angavu ili usome bila kufungua, maana ukifungua umeanza upya. Chukua kizibo cha soda, ukijaze chumvi laini ya pakiti. Chumvi ya mawe iache, kwa sababu mara nyingi ina madini mengine, hasa ya magnesi, yanayovuta maji kupita chumvi yenyewe na kuipeleka namba chini. Madini joto yaliyomo kwenye chumvi ya pakiti ni kidogo mno, hayadhuru. Dondoshea maji tone moja moja ukikoroga kwa njiti, mpaka chumvi iwe kama mchanga wa mtoni uliolowa. Hapo ndipo wengi wanapokosea. Ukiona maji yanaelea juu, umezidisha, ongeza chumvi. Chumvi ikiyeyuka yote, namba itapanda juu ya 75 na utakilaumu kipima bure. Na ikiwa kavu kabisa haina maji ya kuitoa hewa mahali ilipo.

Weka kizibo ndani ya kopo, weka na vipima vyote viwili pembeni yake, visiguse chumvi, kwa kuwa chumvi ikiingia kwenye vile vitundu vya nyuma imekiua. Funga. Kama mfuniko una mashaka, zungushia plasta pembeni. Kisha liweke kopo mahali ambapo joto halipandi na kushuka. Hili nalisisitiza kwa sababu nyumba zetu ni za bati. Saa saba mchana chumba ni tanuri, saa kumi alfajiri unatafuta blanketi. Joto la hewa iliyofungiwa likibadilika kwa nyuzi moja tu, unyevu wake unaweza kuyumba kwa asilimia nne hadi tano kabla chumvi haijaurudisha mahali pake. Mimi hulifunga kopo kwa kanga mbili au blanketi, nikaliweka uvunguni mwa kitanda, kwenye sakafu. Bibi aliyejenga tembe ana nafasi bora kuliko sisi, maana udongo wa dari na kuta zake hushikilia joto lilelile usiku na mchana.

Liache saa ishirini na nne. Saa kumi na mbili haitoshi kwa vipima hivi vya bei ndogo, vingine ni vizito kusogea. Siku ya pili asubuhi, kabla jua halijapiga bati, funua blanketi bila kufungua kopo, uvisome vikiwa humo humo ndani. Andika. Kisha vitoe vipima, viache mezani saa tatu nne, virudishe, fanya tena. Na tena mara ya tatu.

Hizi mara tatu usizikwepe, maana ndizo zinazokuambia kipima ni cha kuweka au cha kutupa. Kipima kinachosoma 70, kisha 70, kisha 71, kimepotoka kwa asilimia 5 lakini kina msimamo, nami nakipenda kama kile kinachosoma 75 kamili. Kinachosoma 74, halafu 79, halafu 71, hata kama wastani wake unakaribia 75, hakifai, mpe mtoto achezee. Kwanza lakini badilisha betri ukirudie, kwa sababu betri iliyochoka hufanya vituko. Cha mshale chenye skrubu nyuma unaweza kukizungusha mpaka kisome 75. Vya kidijitali vingi havina hiyo nafasi, kwa hiyo unabandika kipande cha plasta mgongoni na kuandika kwa kalamu: "ongeza 5" au "punguza 4", pamoja na tarehe.

Tuseme, kwa mfano, kile chako cha 58 kitatulia kwenye 70, na kile cha 69 kitatulia kwenye 79. Cha kwanza kinaongezwa 5, kinakuwa 63. Cha pili kinapunguzwa 4, kinakuwa 65. Umeona? Vile vilivyokuwa vinagombana vimekubaliana kwa tofauti ya 2, na tofauti hiyo kwa vifaa hivi huwezi kuiondoa. Mimi hapo nafuata namba iliyo mbaya zaidi, ile ya 65, na karanga zinarudi juani siku nyingine moja au mbili. Jua la kwetu wakati wa kiangazi ni la bure.

Ila hiyo "ongeza 5" ni ya jirani na 75. Ukienda mbali, tuseme Agosti mchana hewa ya chumbani iko 35, upotofu unaweza kuwa mwingine kabisa. Haitusumbui, kwa sababu kati ya 60 na 75 ndiko kazi yetu iliko. Na usije ukashawishika na ile njia ya kukifunga kipima kwenye kitambaa kilicholowa ukitegemea kisome 100. Vitambuzi hivi hukosea zaidi kule juu, na matone ya maji yakikipata huenda kisirudi sawa.

Baada ya hapo ndipo unakuja kwenye nafaka, na hapa nikurekebishe kidogo. Kukichomeka kipima kwenye gunia lililo wazi hakukuambii hali ya gunia, kwa sababu karibu na mdomo hewa ya chumba inaingia na kutoka. Chukua bambo, kile chuma chenye ncha cha kutolea punje kwenye gunia, chomeka katikati na chini ya gunia, toa punje kutoka sehemu tatu tofauti. Jaza kopo lako, safi na lisilo na hata chembe ya chumvi, robo tatu. Chimbia kipima katikati ya punje, uso ukigusa ukuta wa kopo ili usome. Funga, acha mpaka kesho.

Usipime punje zilizotoka juani muda huo huo. Karanga ikitoka kwenye turubai, ngozi yake imekauka lakini moyo bado una maji, na kipima kitasoma ngozi. Utafurahi jioni, na baada ya siku tatu maji ya moyoni yametoka nje. Ziache zipoe, zifungie usiku kucha, ndipo usome. Na usome asubuhi kila mara ili ulinganishe sawa na sawa. Punje zikipata joto huachia maji kidogo, hivyo namba ya mchana huwa juu kuliko ya asubuhi. Ndiyo sababu mimi kwa nyumba ya bati napenda nisome 62 au chini ya hapo asubuhi.

Kuna jambo linalonifurahisha katika njia hii. Mahindi na karanga havilingani kabisa katika kiasi cha maji: mahindi yaliyokauka vizuri yana maji kama asilimia 13 ya uzito wake, karanga zilizobanguliwa ni kama 7 tu, kwa sababu ya mafuta. Ukitumia mashine ya kupima maji ya punje lazima ujue namba ya kila zao. Lakini hewa iliyo katikati ya punje haikuulizi zao. Chini ya 65 ni salama kwa mahindi, kwa karanga, kwa mtama na kwa alizeti ya jirani yako.

Mabwana shamba wetu wamefundisha miaka mingi njia ya chupa: chumvi kavu na mahindi kwenye chupa kavu, tikisa, tulia kidogo, chumvi ikiganda kwenye ukuta wa chupa mahindi ni mabichi. Ni njia nzuri na uendelee nayo sokoni unaponunua. Lakini inakukamatia mahindi yenye maji zaidi ya asilimia 15 au karibu. Kati ya 15 na 13 iko kimya, na mahindi ya 14 hayafai kufungiwa miezi saba.

Mahindi yako gunia kumi na mbili, kama umeyavuna yakiwa yamekaukia shambani mwezi Juni au Julai, sitarajii yakupe tabu. Yapime tu, gunia moja baada ya jingine. Kama miongoni mwake kuna uliyonunua pale sokoni Kibaigwa, hayo yatenge uyapime kwa makini zaidi, kwa kuwa pale hushushwa mahindi kutoka kila upande na huwezi kujua yamelala wapi. Punje zilizooza, zilizovunjika na zilizotobolewa na dumuzi ziondoe kwa mkono kabla ya kufunga, na zisiende kwa kuku, maana sumukuvu huwadhuru kuku nao.

Mifuko isiyopitisha hewa nakushauri uinunue, kwa mahindi na kwa karanga. Wadudu wanakosa hewa wanakufa, na unyevu wa kifuku hauingii. Lakini mfuko huo haukaushi kitu. Ukifungia karanga zenye 69, maji yote unayafungia humo humo. Pima kwanza, funga baadaye. Yapange magunia juu ya chaga, yasiguse ukuta, hasa ukuta unaopigwa na jua la jioni, kwa sababu joto la mchana na baridi ya usiku husogeza maji kutoka upande mmoja wa gunia hadi mwingine.

Kile kipima kizuri zaidi kati ya viwili weka ndani ya mfuko wa karanga, juu kabisa, ukikielekeza uso kwenye plastiki ili ukione kwa kuangaza tochi bila kufungua. Cha pili kibaki nje kwa kupimia kwenye kopo. Mwishoni mwa Novemba, kabla mvua za kwanza hazijashika, kirudishe hiki cha nje kwenye chumvi, ubadilishe plasta ya mgongoni kama namba imehama.

Ukishamaliza zile siku tatu za chumvi, niandikie namba zote sita, siyo wastani wake. Niandikie pia kopo lilikaa chumba gani.